Mfuga Maji

Watu hufuga wanyama kwa sababu nyingi. Yuko afugaye kuku kwa ajili ya mayai, yuko afugaye mbuzi kwa ajili ya maziwa, na yuko afugaye paka ili panya wapungue ghalani. Wanyama hao hulipa chakula chao, na mwenye akili ya hesabu hapati taabu kueleza kwa nini anao. Wako wengine wafugao kwa furaha ya macho na masikio: kasuku kwa maneno yake, tausi kwa mkia wake, chiriku kwa sauti yake. Hao nao hulipa kwa namna yao. Lakini uko mfugo mmoja usiolipa kwa nyama wala kwa sauti, na mara nyingi haulipi hata kwa kuonekana. Mwenye mfugo huo hukaa mbele ya kioo saa nzima akitazama mchanga mtupu, kisha akaondoka ameridhika. Mtu wa namna hiyo huchekwa na jirani zake. Habari zake zastahili kusimuliwa, kwa maana kicheko si hukumu, na pengine anayechekwa amejifunza jambo ambalo wachekaji hawajalifikia.

Mtu mwenyewe ni mzee wa mji wa Hamburg, bandari kubwa kuliko zote za Ujerumani. Kwa muda wa miaka 36 alikuwa karani wa shehena. Kazi yake ilikuwa kuhesabu: magunia ya kahawa, masanduku ya chai, marobota ya pamba. Vyote vilipita mikononi mwake, wala hapana hata kimoja kilichokuwa chake. Alikipokea kitu kikiwa kizima, akakiandika, akakitoa kikiwa kizima. Na siku aliyostaafu alijivunia jambo moja tu, kwamba daftari lake halikuwa na upungufu. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na kimya kingi. Akanunua tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 60, akalitandika mchanga laini, akalijaza maji kwa kina cha sentimita 40. Miaka ya kwanza aliweka humo samaki wadogo wenye rangi za kupendeza, kama wafanyavyo watu wengi. Kisha akasikia habari za kambare mkia-mjeledi.

Jina hilo huwakusanya samaki wengi wa Amerika ya Kusini ambao miili yao huzidi kuwa myembamba kadiri inavyoelekea nyuma, na kwenye ncha ya mkia hutoka uzi mrefu kama uzi wa mjeledi. Jamaa yao ni kubwa mno: aina kiasi cha 1,000 zimekwisha kuandikwa na wataalamu. Hawana magamba kama ya changu au ya perege, bali wamevaa mabamba ya mfupa toka kichwani hata mkiani, mithili ya askari wa zamani aliyevaa dirii. Linnaeus, bingwa wa Uswidi aliyeyapanga majina ya viumbe, alipompa mmoja wao jina la Loricaria mwaka 1758, alilitoa katika neno la Kilatini lenye maana hiyohiyo ya dirii. Aliyemvutia mzee ni wa aina iitwayo Pseudohemiodon apithanos, ambayo ilielezwa kwa mara ya kwanza na wataalamu wawili wa Amsterdam, Isbrücker na Nijssen, mwaka 1978. Neno la pili la jina hilo limetoka katika Kiyunani, na maana yake ni kisichosadikika.

Hakika mwenye kumwona humsadiki kwa shida. Mwili wake ni bapa kama wa taa wa baharini, na kinywa chake kiko upande wa chini, kimezungukwa na nyuzi nyororo za kupapasia mchanga. Ukiuondoa uzi wa mkia, urefu wake haufiki sentimita 20. Rangi yake haina ahadi: mara huwa mweusi kama makaa, mara huwa mweupe kama majivu, na kwa sababu hiyo wafugaji wa Ulaya wamempa jina la kinyonga. Mchana hujifukia mchangani yakabaki macho tu, na macho yenyewe hufanana na chembe mbili za mchanga. Usiku hutoka akatembea polepole, akitafuta minyoo na wadudu. Hatafuni miti wala hakwangui mwani kama baadhi ya jamaa zake, wala hashindani na yeyote. Akiwekwa pamoja na samaki wepesi wenye pupa, hufa njaa katikati ya karamu.

Kwao ni mito ya sehemu za juu za bonde la Amazon, upande wa Ecuador, Colombia na Peru. Samaki wengi wa mapambo wa Peru husafirishwa kupitia Iquitos, mji ambao hauna barabara ya kuuunganisha na Lima. Aendaye huko huenda kwa chombo cha majini au kwa ndege. Samaki hutiwa katika mifuko ya plastiki yenye maji kidogo na hewa ya oksijeni, mifuko hupangwa katika masanduku yanayozuia baridi, na masanduku hupakiwa katika ndege. Kambare huyu haji kila mwezi, wala haji kwa mamia. Mzee alingoja mwaka mmoja na miezi minne. Walipopatikana watano, aliwanunua wote kwa fedha ambazo zingetosha kununua baiskeli nzuri.

Mjukuu wake, binti wa miaka sita, aliletwa kuwatazama. Akaweka pua yake juu ya kioo, akatazama kushoto na kulia, kisha akageuka na kuuliza:

"Babu, mbona unafuga mchanga?"

"Ngoja, mjukuu wangu," mzee alijibu. "Wamo."

Mtoto akangoja kadiri mtoto awezavyo kungoja, kisha akaenda zake kucheza. Mzee alicheka, lakini swali lile lilimwingia. Alikuwa ametoa fedha nyingi, amengoja muda mrefu, na sasa hana cha kumwonyesha hata mtoto wa nyumbani kwake. Hapo ndipo makosa yake yalipoanza, na yote yalikuwa na mzizi mmoja: alitaka kuona alichokuwa nacho.

Karani halali bila ya kuhesabu. Kila asubuhi mzee alichukua ufito mwembamba, akaupitisha mchangani taratibu, mpaka samaki wote watano wamesogea na hesabu imetimia. Aliandika katika daftari: watano. Kesho yake aliandika tena: watano. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alidhani kuwa analinda mali yake, kama alivyolinda magunia ya kahawa. Lakini gunia haliumii kwa kuhesabiwa, na kiumbe kinachofichama hakifichami kwa mchezo. Mahali pa kujificha ndipo nyumba yake ilipo. Na mwenye kuvunjiwa nyumba kila asubuhi hawezi kunenepa, hata akiandaliwa chakula cha namna gani.

Ufugaji wa samaki katika kioo una fundisho la zamani juu ya jambo hili. Mwaka 1850 Robert Warington, mkemia wa London, aliwaeleza wenzake majaribio yake ya samaki wawili wadogo wa rangi ya dhahabu waliokaa katika chombo kimoja pamoja na mmea wa majini. Majani ya mmea yalipooza na kuyachafua maji, alitia konokono, nao wakayala yale majani, maji yakatakata. Aliona kwamba kila kimoja kilikuwa na kazi yake, na kazi ya mtu ilikuwa kuipatanisha kisha kuiacha. Miaka minne baadaye, mwaka 1854, Philip Henry Gosse alitoa kitabu kiitwacho The Aquarium, na Waingereza wakashikwa na shauku kubwa. Walimiminika pwani na ndoo na nyavu. Mwanawe, Edmund Gosse, katika kitabu alichokitoa mwaka 1907, alisikitika kwamba madimbwi ya miambani, yaliyokuwa yamejaa viumbe wazuri zamani za utoto wake, yalikuwa yameharibiwa na wingi wa waliokuja kuyashangilia. Watu hao hawakuwa adui wa bahari. Waliimaliza pwani kwa kuipenda. Upendo usio na kiasi huweza kufanya kazi ya chuki, na tofauti ni kwamba chuki hujulikana mapema.

Mzee wa Hamburg alilirudia kosa hilo kwa kipimo kidogo. Alipenda usafi. Katika tangi la samaki uko uchafu unaoonekana na uko uchafu usioonekana, na ule usioonekana ndio wenye kuua. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Vijidudu vya namna moja huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu pia. Vijidudu vya namna nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi, nayo hupunguzwa kwa kubadilisha maji. Karibu na mwaka 1890 Sergei Winogradsky, mtaalamu wa Urusi, alionyesha kwamba kazi hizi mbili zina wafanyakazi mbalimbali, mmoja akianza na mwingine akimaliza. Wafanyakazi hao hukaa mchangani na katika sifongo la chujio. Hawana rangi ya kusifiwa, na dalili yao pekee kwa macho ya mtu ni utelezi wa kahawia ambao mpenda usafi huuona kuwa aibu.

Siku moja ya Jumapili mzee alilitoa sifongo la chujio, akalipeleka kwenye bomba la maji moto, akalikamua na kulisuuza mpaka likawa jeupe kama jipya. Akalirudisha mahali pake, akajipongeza. Siku ya nne jambo la furaha lilimtokea: mchana kweupe, samaki wawili walitoka mchangani, wakapanda kioo, wakakaa wazi wakipumua upesi upesi. Hakupata kuwaona vizuri namna ile tangu aliponunua. Aliwaita mjukuu na mama yake kwa simu, akawaambia waje upesi, kwa kuwa samaki wanaonekana. Walikuja, wakatazama, wakasifu. Mtoto alifurahi kwa kuona kwamba babu yake hakuwa anafuga mchanga. Asubuhi ya pili wale wawili walikuwa wamekufa.

Alipoyapima maji akakuta nitriti imejaa. Vijidudu alikuwa amevichemsha na kuvimwaga katika karo kwa mikono yake mwenyewe, na samaki walipanda kioo kwa sababu walikuwa wakikosa pumzi. Alichodhani ni maonyesho kilikuwa kilio. Mzee alikaa kitini mpaka jua likachwa. Katika daftari aliandika maneno mawili: "Wawili. Kosa." Kisha akaubadilisha theluthi ya ujazo wa maji, kesho yake tena theluthi, na kesho kutwa tena, mpaka watatu waliosalia walipojifukia na kutoweka. Kutoweka kwao kulimliwaza. Alikuwa amejifunza kwa bei kubwa kwamba asiyeonekana ndiye aliye salama.

Tangu siku hiyo alifahamu kwamba hafugi samaki. Afugaye samaki hufuga maji, na samaki hujifuga wenyewe ndani yake. Aliutupa ule ufito. Kila Jumamosi alitoa lita 120, yaani ndoo 12 za lita kumi kumi, akarudisha kiasi hichohicho cha maji yaliyochanganywa na ya mvua ili ugumu wake upungue, na joto lake lisipungue nyuzi 26. Sifongo alilisuuza kidogo tu, tena katika maji aliyoyatoa tangini, lisije likapoteza wakazi wake. Chakula alikitia baada ya taa kuzimwa: mabuu mekundu ya usubi na vipande vya minyoo, kwa kadiri ya kulika usiku mmoja. Watu husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hakuliacha, ila hakuandika tena hesabu ya samaki. Aliandika hali ya maji. Na baadhi ya usiku alikaa gizani na kurunzi yenye mwanga hafifu mwekundu, akiwaona kwa bahati wakipita kama vivuli, na akishukuru kwa alichojaliwa bila ya kudai kilichobaki.

Mwaka wa tatu ulipotimia, aliona katika mwanga ule kwamba midomo ya mmoja wao imekua na kupanuka. Hapo alijua kuwa huyo ni dume. Wiki chache baadaye dume lile lilikuwa limebeba mayai.

Msomaji aliyekulia kando ya Ziwa Viktoria anajua habari za sato, ambaye jike lake huyakusanya mayai kinywani na kuyatunza humo mpaka watoto watoke. Kwa kambare huyu mlezi ni baba. Mayai hushikamana pamoja kama kichala, na dume hukibeba kichala hicho kikiwa kimenata mdomoni na upande wa chini wa mwili wake. Samaki wengine wa jamaa yake hutaga mapangoni au juu ya mawe na magogo, lakini huyu hukaa katika mchanga mtupu, na mchanga husogea kwa kila mkondo. Hana tundu la kuyafichia mayai wala jiwe la kuyaegemeza. Asiyekuwa na nyumba hana budi kuwa nyumba yeye mwenyewe. Siku zote hizo hutulia mahali pamoja, mara kwa mara akajiinua kidogo ili maji mapya yapite kati ya mayai. Mzigo wake hauna mpini wala kamba. Huushika kwa mdomo uleule ambao angelia chakula.

Wafugaji wenzake walimshauri ayatoe. Walikuwa na hoja. Dume likishtuka huweza kuuangusha mzigo wake, na wako wafugaji walioyaangua mayai katika chombo kidogo chenye hewa inayopulizwa na dawa ya buluu ya kuzuia ukungu. Mzee alisikiliza, akaona kwamba mkono wa mtu una akili kuliko mdomo wa samaki. Akafungua kifuniko, akawasha taa, akamchukua dume kwa wavu na kukiondoa kichala. Mayai yalikuwa kiasi cha 50. Siku ya tatu ukungu mweupe uliingia katika mayai matatu, siku ya nne katika kumi, na siku ya saba hapakuwa na yai lililosalia. Pengine yasingalisalimika hata kwa baba yao. Hilo hakuna awezaye kuliapia. Lakini mzee alimwona dume lile usiku ule, linatembea mchangani huku na huko, likijiinua na kushuka, likipepea mzigo ambao haupo. Hakuandika neno lolote kwa siku mbili.

Mayai mengine yalikuja baada ya miezi kumi. Safari hii hakufungua kifuniko. Alifunika upande mmoja wa kioo kwa karatasi nyeusi, akapunguza nguvu za mkondo, akaketi mbali. Usiku wa tano aliona jambo alilokuwa akiliogopa: sehemu ya kichala imekatika na kuanguka mchangani, na dume limeiacha. Hapo karani wa zamani alikutana na swali ambalo daftari haliwezi kulijibu. Akiyachukua yote, atairudia dhuluma ya kwanza. Akiyaacha yote, ataona uhai ukioza mbele ya macho yake naye amekunja mikono, na uvivu wake atauita heshima. Alisimama kwa muda. Kisha akateremsha mrija, akayanyonya polepole mayai yaliyoanguka, akayatia katika chombo kidogo. Na mengine akayaacha yalipo. Alichokiacha baba alikiokota. Alichokishika baba hakukigusa.

Yaliyookotwa yalikuwa 22. Mengi yalishikwa na ukungu, yakatoka sita. Yaliyobaki kwa baba hayakuhesabika, lakini karibu na mwisho wa wiki ya pili mzee aliona juu ya mchanga vitu vidogo kama vipande vya sindano, kila kimoja kina uzi mrefu nyuma na kiini cha yai chini ya tumbo. Waliopatikana huko walikuwa 19. Jumla ikawa 25. Kiini kilipokwisha, ilianza kazi ya kuwalisha vifaranga vya uduvi waliotoka kuanguliwa, kidogo kidogo mara nne kwa siku, na kila baada ya chakula kuyaondoa mabaki, kwa kuwa watoto wa samaki hawa hufa upesi kwa maji yaliyochafuka. Mzee aliyekuwa akilala mapema alijifunza kuamka usiku wa manane kama mama mwenye mtoto mchanga. Pamoja na hayo walikufa wengi. Miezi mitatu ilipotimia walikuwa 11.

Habari zikaenea miongoni mwa wafugaji, na wengine walimwita mwokozi wa samaki adimu. Sifa hiyo aliikataa, naye alikuwa na haki kuikataa. Uadimu una sura mbili. Kitu huweza kuwa adimu dukani na kisiwe adimu kwao. Samaki huyu hajijui kuwa ni wa thamani, na katika mto wake anaishi kama wenyeji wote waishivyo. Na tena kitu huweza kuwa kingi kwao leo, na kesho kikakosa kwao. Mwaka 1967 mafuta yaligunduliwa Lago Agrio, mashariki ya Ecuador, na mwaka 1972 bomba kuu la kuyavusha milima mpaka pwani ya Pasifiki lilianza kazi. Aprili 2020 kingo za mto Coca zilimomonyoka, mabomba yakakatika, na mafuta yakateremka katika mto Napo hata yakaingia Peru. Mito ya huko ndiyo kisima cha kunywa, barabara ya mitumbwi na soko la samaki kwa watu wanaokaa kando yake. Mzee aliisoma habari hiyo mara mbili, akautazama mchanga wake. Lita zake zisizotimia 400 ni kitu gani mbele ya mto? Mtu hawezi kuuokoa mto kwa ndoo 12 za Jumamosi. Aliye na tangi safi akadhani kuwa ameiokoa Amazon, amefanana na mtu aliyehifadhi kibiriti akadhani amelihifadhi jua.

Lakini ni kosa pia kusema kwamba kidogo si kitu. Kila samaki anayezaliwa kiooni ni mmoja asiyehitaji kuvuliwa mtoni ili kutimiza tamaa ya mtu wa mbali. Na kila mtu aliyejifunza kwamba sifongo jeupe huua na maji yenye utelezi huponya, hatasoma habari za mto uliomwagiwa mafuta kama asomaye bei ya viatu. Atajua ni nini kilichokufa, hata kile ambacho hakuna aliyekiona. Huo ndio mshahara wa kufuga kiumbe kinachofichama: humfundisha mwenyewe kuhesabu visivyoonekana.

Mzee aliwagawa vijana wake. Wanne walikwenda kwa mfugaji wa Bremen, wanne kwa mfugaji wa Köln, na watatu wakabaki na wazazi wao. Hakudai fedha, ila alidai daftari: kila aliyepokea alipewa kurasa zilizonakiliwa kwa mkono, zenye makosa yote, pamoja na ule ukurasa wa maneno mawili. Wengine walishangaa kwa nini mtu atangaze aibu yake. Yeye alikuwa na desturi ya bandarini, kwamba shehena haitolewi bila ya hati zake. Tangi moja ni uzi mmoja; umeme ukikatika au mwenyewe akianguka, uzi umekatika. Nyuzi tatu zina tumaini zaidi.

Naye mwenyewe alianguka. Moyo ulimsumbua, akalazwa hospitali kwa muda wa wiki tatu. Mjukuu wake, ambaye sasa alikuwa na miaka 14, alikabidhiwa ufunguo wa nyumba. Mzee kitandani alitaka kumwagiza mambo mengi, lakini pumzi ilikuwa chache, akasema moja tu: "Tunza maji, mjukuu wangu. Usiwatafute."

Aliporudi, jambo la kwanza alilolifanya, kabla ya kuvua koti, ni kulifungua daftari. Jumamosi tatu zilikuwa zimeandikwa kwa mwandiko mwembamba wa kijana, kila moja kwa maneno yale yale: "Ndoo 12. Nyuzi 26. Samaki hawakuonekana. Salama." Mzee alisoma, akafunga daftari, akaketi katika kiti chake. Jua lilikuwa likichwa na chumba kikaanza kuwa giza. Mjukuu akaja akaketi karibu naye, na wote wawili wakautazama mchanga. Hakuna kilichosogea. Binti hakuuliza neno, wala hakuondoka.

Mtu akikabidhiwa kitu ambacho hawezi kukiona wala kukishika, ndipo hujulikana kama ana uaminifu au ana tamaa. Mwenye tamaa atakichimbua ili ahakikishe kuwa ni chake. Mwaminifu atayatunza maji, ataandika hesabu yake, na atakiacha kilale.